Mshale umepita nyuma ya chupa, na mtandao hauhusiki

Gemu ndogo za kwenye brauza, zile unazofungua na kucheza papo hapo bila kupakua kitu, zina lalamiko moja linalosikika popote zinapochezwa: "Nimebofya kabisa, imekataa." Upinde uko upande mmoja, chupa inakatiza upande wa pili, na kazi yako ni kuachia mshale kwa wakati wake. Unaiona chupa imefika pale pale, unabofya, mshale unapita nyuma yake. Moshi, kwenye steshenari za kuchapa na kutoa kopi ambazo jioni hugeuka kijiwe cha wanafunzi, sababu iko mdomoni hata kabla mshale haujatua: mtandao. Arusha nako ni hivyo hivyo, kuanzia Ngarenaro mpaka Sakina. Mtandao unazingua, minara imezidiwa, bando la bei rahisi halina kasi.

Mtandao unasingiziwa. Na kwa kuwa wapo wanaoacha mchezo wanaoupenda wakiamini simu yao ni mbovu au wao wenyewe ni wazito wa mikono, inafaa tuufuate mbofyo mmoja tangu chupa inapotokea hadi mshale unapofika, tuone muda unaliwa wapi.

Gemu ya mchezaji mmoja ikishafunguka, iko ndani ya kifaa chako. Brauza imeshavuta picha, sauti na maelekezo yaliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya programu ambayo brauza inaielewa. Kuanzia hapo hesabu zote za mshale na chupa zinafanywa na prosesa ya simu au kompyuta iliyo mbele yako, wala hakuna seva ya Ulaya inayoulizwa kama umepiga au umekosa. Jioni moja pale Majengo, Moshi, dogo mmoja wa sekondari alikuwa anaigonga mausi mezani kwa hasira huku akiilaumu intaneti ya duka. Mama mwenye duka alikuwa anapanga karatasi kwenye printa. Akamwambia achomoe waya wa intaneti nyuma ya mashine.

"Si itakatika, mama?"

"Chomoa tu, baba."

Akachomoa. Gemu ikaendelea kama kawaida na mishale ikaendelea kupita nyuma ya chupa vile vile. Wenzake waliokuwa wamemzunguka wakanyamaza, maana kisingizio cha mezani kilikuwa kimeondoka na waya.

Anayetaka ushahidi mwingine anao tayari ndani ya Chrome. Yule dinosaria anayeruka miti ya dungusi aliwekwa kwenye brauza hiyo mwaka 2014 kwa ajili ya watu waliokosa mtandao. Ni gemu ya kupatia wakati tangu mwanzo hadi mwisho, inaongeza kasi kadiri unavyoendelea, na inachezeka bila bando hata la baiti moja. Ukimgonga dinosaria kwenye mti, kosa haliko kwenye mnara.

Mlango mmoja tu ndio mtandao unaoutumia kujipenyeza, nao ni matangazo. Gemu nyingi za bure huweka tangazo la video pembeni au chini ya uwanja wa kuchezea, na brauza ikianza kulivuta na kulionyesha katikati ya mchezo, prosesa dhaifu inagawanywa. Gemu inastaki kidogo, kisha inaruka. Hapo ndipo lawama ya mtandao ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana kwenye gemu ya mchezaji mmoja kuzima data baada ya gemu kufunguka husaidia mara nyingi, kinyume kabisa na wanavyodhani wengi.

Unachokiona kimeshapita

Sehemu kubwa ya muda unaopotea iko ndani ya kichwa chako, na hili si tusi kwa mtu yeyote. Mtu mzima mwenye afya, akiambiwa abonyeze kitufe mara taa inapowaka, hutumia kama milisekunde 200 hadi 250. Ni karibu robo ya sekunde, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko zote: taa moja, kitufe kimoja, hakuna kuchagua. Mholanzi Franciscus Donders alionyesha tangu mwaka 1868 kwamba ukimwongezea mtu uamuzi, kama vile abonyeze kulia au kushoto kulingana na ishara aliyopewa, muda huo unarefuka. Gemu ya upinde inakutaka uamue kama ni chupa au bomu, iko karibu au mbali, inashuka au inapanda. Robo sekunde hapo ni bahati.

Kwa sauti tuna wepesi zaidi. Mwitikio wetu kwa mlio huwahi ule wa mwanga kwa makumi kadhaa ya milisekunde. Hata hivyo sikio nalo lina mpaka wake, na mpaka huo umeandikwa kwenye kanuni za riadha. Katika mbio fupi, World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, inamhesabu mkimbiaji aliyeondoka chini ya sekunde 0.100 baada ya mlio kuwa ameanza kabla ya wakati. Hoja yao ni kwamba hakuna aliyesikia na kuondoka upesi kiasi hicho, kwa hiyo huyo alibashiri. Sasa shika hapo, maana ndipo siri ya gemu hizi ilipo. Kile ambacho mkimbiaji anaadhibiwa kwa kukifanya ndicho gemu ya shabaha inachokudai ukifanye kila sekunde.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme chupa inakatiza kwa kasi ya pikseli 600 kwa sekunde (pikseli ni zile nukta zinazounda picha kwenye kioo), mwendo wa kawaida tu. Katika robo sekunde ya macho na mkono wako, imekwenda pikseli 150. Ongeza milisekunde 50 za mashine, ambazo nitazieleza muda si mrefu, jumla inafika pikseli 180. Kwenye kioo cha kompyuta ya mtumba chenye upana wa pikseli 1,366, hiyo ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya nane ya kioo kizima. Na bado mshale haujaanza kuruka! Ukichukua nusu sekunde hewani, chupa itakuwa imeongeza pikseli 300 nyingine.

Chukua sasa zile gemu za mstari unaokwenda na kurudi, ambapo unatakiwa ubonyeze ukiwa kwenye sehemu ya kijani. Sehemu ya kijani ikiwa na upana wa pikseli 60 na mstari ukienda kwa kasi ile ile ya 600, mlango uko wazi kwa milisekunde 100 tu. Mtu anayengoja auone mstari umeingia kwenye kijani ndipo abonyeze atabonyeza ukiwa umeshatoka, kila mara, hata awe mwepesi kuliko kijiji kizima. Mwili wa binadamu hauna njia ya kushinda kwa kungoja kuona. Wanaopatia wanatuma amri kwa kidole wakati mstari bado uko mbali na kijani, kisha amri, kidole na mstari vinakutana mahali pamoja.

Waliocheza rede utotoni wanajua jambo hili kwa mikono hata kama hawajawahi kulitamka. Aliyeko katikati akianza kukimbia, mrushaji mzuri haurushi mpira pale alipo. Anaurusha mahali ambapo mbavu zake zitakuwa mpira unapofika. Hakuna aliyekaa akafundishwa kanuni. Ubongo unapima kasi, unapima mkono wenyewe una uzito gani siku hiyo, unatoa jibu. Gemu ya brauza inaomba ubongo ule ule ufanye kazi ile ile, isipokuwa imeongeza mtu wa tatu kati ya mkono na mpira: mashine.

Mashine inakula wapi

Kioo cha kawaida, cha kompyuta au cha simu ya bei ya wastani, hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kila picha, au fremu, inakaa milisekunde 16.7. Kati ya fremu na fremu hakuna kinachotokea kwa upande wako: chupa haisogei, inahama kutoka alama moja hadi nyingine na macho yako yanajaza pengo. Mausi ya kawaida ya USB nayo hutoa taarifa kwa kompyuta kila baada ya milisekunde 8. Kwa hiyo unabonyeza, mausi inangoja zamu yake, brauza inaipokea habari na kuiweka pembeni hadi fremu inayofuata ianze kutengenezwa, gemu inahesabu, brauza inaunganisha picha, kioo kinaipokea, halafu chembe za kioo zenyewe zinachukua milisekunde kadhaa kubadili rangi. Hatua moja moja ni ndogo mno. Zikijumlishwa kwenye mashine ya kawaida hufika milisekunde 50, na mashine iliyochoka hupita hapo kwa mbali. Ukiunganisha kompyuta na televisheni ndiyo balaa, kwa sababu televisheni nyingi huisafisha picha kabla ya kuionyesha na usafi huo una gharama ya muda. Kama ina mpangilio wa gemu kwenye menyu yake, uwashe.

Hapo kuna jambo moja ambalo watu wengi halijawahi kuwapitia kichwani, nalo linaumiza kuliko hayo yote. Mwenye kutengeneza gemu anaweza kuiambia brauza imjulishe kitufe kinapobonyezwa, au imjulishe mbofyo ukikamilika. Mbofyo unakamilika pale unapoachia. Watu wengi hushikilia kitufe karibu milisekunde 100 bila kujua, hivyo gemu iliyotengenezwa kwa njia ya pili inaiachia mishale yako yote ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, juu ya ucheleweshaji mwingine wote. Kulitambua ni rahisi: bonyeza, shikilia, usiachie. Mshale ukitoka papo hapo, gemu inasikiliza kubonyeza. Ukitoka pale unapoinua kidole, inasikiliza kuachia, na mchezo wako wote inabidi ubadilike: tangulia kubonyeza, kaa tayari umeshikilia, halafu shabaha yako iwe kwenye kuinua kidole. Gemu za upinde zinazokutaka uvute kamba kisha uachie ziko hivyo kwa makusudi, na kwangu mimi ndizo zenye haki zaidi, kwa sababu zinakufundisha tangu mwanzo kwamba wakati wenye maana ni ule wa kuachia.

Simu zilikuwa na balaa lake. Kwa miaka mingi brauza za simu zilisubiri milisekunde 300 baada ya kila mguso ili zijue kama utagusa mara ya pili kukuza ukurasa. Chrome iliondoa subira hiyo mwaka 2014 kwa kurasa zilizopangwa kuendana na upana wa simu. Ukikutana leo na gemu ya zamani ambayo ukurasa wake haukupangwa hivyo, na ukahisi kila mguso unafika umechoka, huenda mgeni huyo wa zamani bado anaishi humo.

Kuchelewa kunakofundishika na kusikofundishika

Mtu akisoma haya yote anaweza kukata tamaa. Hana sababu, kwa kuwa ubongo una kipaji cha ajabu: kuchelewa kukiwa kule kule kila mara, unakuzoea mpaka unaacha kukuona. Mwaka 2006 Chess Stetson na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walibonyeza kitufe na mwanga ukawaka baada ya muda mfupi usiobadilika. Walipozoea, muda ule ukafupishwa ghafla, na washiriki wakaanza kuhisi kwamba mwanga umewaka kabla hawajabonyeza. Ubongo ulikuwa umeufuta ucheleweshaji kwenye hesabu zake, hivyo ulipoondolewa, mpangilio wa matukio ukageuka. Ndiyo sababu dogo aliyezoea kompyuta moja pale kona ya steshenari anapiga chupa tisa mfululizo, ukimhamishia mashine ya pili anakuwa mgeni. Kipaji chake hakijapungua. Kipimo alichokuwa amekijenga kichwani ni cha mashine ile.

Kuchelewa kusikozoeleka ni kule kunakobadilika. Fremu hii milisekunde 17, inayofuata 17, inayofuata 60, kisha 17. Hapo ubongo hauna cha kujifunza. Na kwenye brauza vyanzo vya kigeugeu hicho ni vingi. JavaScript husimama mara kwa mara kusafisha kumbukumbu isiyotumika. Kwenye mashine nzuri huwezi kuhisi kitu, kwenye ya mtumba picha inaganda kidogo. Kurasa kumi na tano zilizofunguliwa pembeni zinadai haki zao. Simu ikipata joto, prosesa hupunguza kasi ili ijipoze, na Moshi mchana wa Februari simu inapata joto hata mfukoni. Arusha iko juu zaidi, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, simu zinapumua vizuri. Julai ikifika shida inahamia kwenye vidole, maana vidole vya baridi ni vizito kweli kweli na wepesi wao unapungua.

Kisha kuna ile hali ya kuokoa chaji. Kwenye iPhone ikiwashwa, brauza yake ya Safari hushusha mwendo wa picha za gemu kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde, na simu nyingine nyingi zina ujanja unaofanana na huo. Umeme umekatika, chaji imebaki asilimia 18, unawasha hali ya kuokoa chaji ili ucheze zaidi, na hapo hapo umejiongezea ucheleweshaji. Ningeshauri mtu acheze dakika kumi na simu yenye nguvu zake zote kuliko saa nzima na simu iliyofungwa miguu.

Wapenda muziki wanaocheza zile gemu za kugonga kwa mdundo wanajiumiza kwa njia nyingine: spika na vipokea sauti vya Bluetooth. Sauti inayopita hewani namna hiyo huchelewa mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, wakati mwingine 200, hivyo mdundo unaousikia ulishapita zamani kwenye kioo. Tumia vya waya. Kama huna, zima sauti kabisa ucheze kwa macho.

Mshale uliopita katikati ya chupa

Kuna malalamiko mengine ambayo ni ya kweli kabisa, na mchezaji anastahili kuaminiwa. "Mshale umepita katikati ya chupa, nimeona kwa macho yangu, na chupa haikuvunjika." Inawezekana. Mshale wenye kasi ya pikseli 3,000 kwa sekunde, kwenye kioo cha fremu 60, unahama pikseli 50 kwa kila fremu. Chupa ikiwa nyembamba, tuseme pikseli 30, mshale unaweza kuwa upande huu wa chupa kwenye fremu moja na upande wa pili kwenye inayofuata, bila kuwahi kuwa ndani yake. Gemu iliyoandikwa kwa haraka huuliza swali moja tu kila fremu: je, mshale na chupa vimegusana sasa hivi? Jibu ni hapana, kisha tena hapana, na mchezaji anadhulumiwa. Mtengenezaji makini huchora mstari kutoka mahali mshale ulipokuwa hadi ulipo sasa na kuuliza kama mstari huo umekatiza chupa. Kazi hiyo si kubwa, na ukikuta gemu haijafanya hivyo una haki ya kuilaumu.

Pia chupa unayoiona siyo chupa ambayo gemu inaijua. Kwa hesabu nyepesi, nyingi huizungushia mstatili au duara lisiloonekana, na linalohesabiwa ni kugusa umbo hilo. Ndiyo maana wakati mwingine unapiga hewa pembeni ya shingo ya chupa na chupa inavunjika. Watengenezaji wenye huruma hulifanya umbo la kinachokupa alama kuwa kubwa kuliko picha, na umbo la kinachokuua kuwa dogo. Mchezaji anahisi tu kwamba gemu ni tamu, hajui kwa nini.

Halafu kuna ubishi wa ndugu wawili, mmoja ana simu mpya ya fremu 120 kwa sekunde, mwingine anacheza kwenye kompyuta ya fremu 60. Baadhi ya gemu zimeandikwa ili chupa isogee hatua kadhaa kwa kila fremu, pasipo kuangalia saa. Kwenye simu mpya chupa inakwenda mara mbili ya kasi. Mwenye simu ya ghali anaonekana mzembe, kumbe anacheza gemu ngumu maradufu. Jambo hili limewakuta hata wale waliokulia kwenye gemu za Flash, programu ya zamani ya kuchezeshea gemu ndani ya brauza, ambazo kila moja ilipangiwa mwendo wake wa fremu na aliyeitengeneza. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na baadhi ya gemu zile zikaandikwa upya kwa JavaScript. Mtu anarudi kwenye gemu aliyoimudu akiwa darasa la saba, anaikuta haimkubali, anadhani amezeeka. Aangalie kwanza kama kasi ni ile ile.

Kuhusu kulenga penyewe, mbali na wakati, kuna kanuni nzuri aliyoitoa Mmarekani Paul Fitts mwaka 1954. Muda wa kufikisha mkono kwenye shabaha unategemea uwiano kati ya umbali na upana wa shabaha hiyo. Shabaha yenye upana wa pikseli 50 iliyo umbali wa pikseli 400 ina ugumu wa ngazi 4 kwa hesabu yake. Ukipunguza upana hadi 25, ngazi inakuwa 5. Ukiacha upana pale pale na kuongeza umbali hadi 800, inakuwa 5 vile vile. Maana yake kwa mchezaji ni ya moja kwa moja: rudisha mausi katikati ya uwanja kila baada ya kupiga, usiiache ikilala pembeni mahali uliposhindia mara ya mwisho. Umbali ukipungua kwa nusu, ni sawa na shabaha kunenepa mara mbili. Watoto wanaocheza vizuri wanafanya hivyo bila kuambiwa. Ukimtazama mkono badala ya kioo, utaona mausi inarudi nyumbani kila mara.

Na mkono ukishaondoka kwa kasi kubwa, hauongozwi tena na macho. Robert Woodworth aliliona hilo mwaka 1899: katika harakati za haraka mno, mwenye macho wazi hana nafuu kubwa kuliko aliyefumba, kwa sababu jicho halijapata muda wa kusahihisha. Jicho lenyewe likiruka kutoka sehemu moja ya kioo hadi nyingine, halioni vizuri wakati wa kuruka. Kwa hiyo kuhangaika na macho kati ya upinde, chupa na alama za juu ni kujipofusha vipande vipande. Tuliza macho mahali unapotaka chupa ipigwe, uiache iingie yenyewe.

Yote haya ni ya mchezaji mmoja. Ukiingia kwenye gemu za brauza za kushindana na watu, kama agar.io ya mwaka 2015, mtandao unarudi mezani kwa heshima zote. Mwanga ndani ya nyaya za fiba huenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za nyaya, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kama kila kitu kingine kingekuwa kamili, na hakuna bando linaloweza kuununua muda huo. Sehemu kubwa ya safari hiyo kwetu inapita baharini kuanzia Dar es Salaam, kwenye nyaya kama SEACOM iliyofika mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Zote mbili zilipopata hitilafu Mei 2024, nchi nzima ilihisi, na wa Njiro kule Arusha na wa Majengo kule Moshi walikuwa na haki ya kulaumu mtandao siku hizo. Hapo ukipewa nafasi ya kuchagua seva, chagua iliyo karibu, hata kama ina wachezaji wachache.

Limebaki suala la pesa. Vijana wanashawishiwa wanunue mausi ya gemu yenye taa za rangi. Mausi inayotoa taarifa mara 1,000 kwa sekunde badala ya 125 inaokoa milisekunde 7 kwa wingi wake wote, na kwa wastani hata nne hazifiki. Kioo cha fremu 144 kinaokoa kama milisekunde 10 kwa kila fremu. Kubashiri kunaokoa zaidi ya 200. Kama pesa ni ya mawazo, ningeanza na vitu vya bure: kufunga kurasa za pembeni, kuzima hali ya kuokoa chaji, na kuweka karatasi nyeupe chini ya mausi pale meza inapokuwa ya kioo, maana mausi ya mwanga hupotea kwenye meza ya kioo na kishale chake kinarukaruka chenyewe.

Na kama wawili wanataka kumaliza ubishi wa nani mkali, mmoja Moshi mwingine Arusha, wasilinganishe alama za simu mbili tofauti. Wakutane siku moja, wakae kwenye mashine moja, waijaribu kwanza kwa kushikilia kitufe wajue inasikiliza kubonyeza au kuachia, kila mmoja apewe raundi kadhaa za kuizoea kabla alama hazijaanza kuhesabiwa, halafu waanze.